Kilomita Zote Zile kwa Pointi Moja

Tangu Jumatatu kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: "Mwalimu, si tulishinda? Mbona umenuna?" Nimelijibu ofisini kwa walimu, nimelijibu dukani, juzi nimelijibu kwa kinyozi povu likiwa shavuni. Sasa imetosha. Naandika mara moja kwa wote. Mwenye kusoma asome, na asiyesoma asije kunisimamisha njiani.

Ndiyo, tulishinda. Kumi na saba kwa kumi na sita. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu, na nawaambieni kuna kushinda kunakomwacha mtu na hasira kuliko kufungwa. Ukifungwa unajua umefungwa, unakwenda kulala.

Kwa wasiojua mambo yetu: mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Chamwino, mtu wa Bukoba, niliyehamia huku miaka kumi na moja iliyopita na begi moja na mpira mmoja wenye umbo la yai. Raga niliicheza chuoni, winga, mpaka goti likagoma. Nilipofika hapa nikaanza kuwafundisha wasichana, maana wavulana walikuwa na kandanda yao na hawakunihitaji. Mmoja wa wasichana hao ni Nyemo, binti wa Mzee Ndahani mfugaji, ambaye sasa anachezea timu ya taifa ya wanawake. Mwaka jana akiwa uwanjani alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega, na tangu siku ile mama yake hajanisemesha. Tukikutana bombani anamsalimia mke wangu vizuri, anauliza na habari za watoto wangu mmoja mmoja, mimi ananiruka kama dimbwi la maji.

Basi wiki hiyo, zikiwa zimebaki siku mbili timu yetu icheze na Burundi kule Arusha, Mama Nyemo alimpa mumewe agizo mbele yangu, bila kunitazama. "Nenda ukaone huko wanakomwulia mtoto, kisha urudi naye." Mzee Ndahani akasema sawa. Na kwa kuwa Mzee hajawahi kuvuka Kondoa, nani ampeleke? Mimi. Yaani nimsindikize mtu akamtoe kwenye timu mchezaji niliyemlea kwa mikono yangu, tena nimwoneshe njia.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hesabu zangu. Tulikuwa na timu nzuri. Nilijua tutashinda kwa mbali, mchezo safi, Nyemo atakimbia pembeni peke yake bila kuguswa, Mzee ataona mwanawe akishangiliwa na moyo utalainika. Nilichohitaji ni ushindi wa raha tu. Sikuomba kingine.

Chamwino hadi Majengo

Tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa. Mzee Ndahani alitokea saa moja na nusu, koti juu ya shuka, fimbo mkononi, kifurushi kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbukwa."

Kisha akaanza salamu upya kwa Kigogo, ile ndefu, ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya ng'ombe. Mimi sina ng'ombe. Anajua sina ng'ombe. Akauliza hivyohivyo na akasubiri jibu.

"Wazima," nikasema. "Mzee, tumechelewa."

"Tumechelewa nini? Mchezo si kesho?"

Jirani yetu mmoja hupeleka zabibu sokoni Majengo kwa pikapu, akatupakia. Kufika Mtumba, magari ya watumishi yalikuwa yamejipanga upande wa pili yakiingia maofisini, upande wetu barabara nyeupe. Nikaanza kupata matumaini. Mzee akamgonga dereva begani asimame. Nilidhani anaumwa. Kumbe anataka kuyatazama majengo ya wizara vizuri, kwa sababu enzi za ujana wake alichunga pale.

"Hapa palikuwa na majani," akasema, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba serikali imemwibia yeye binafsi. Tukasimama mpaka alipomaliza kusikitika.

Majengo nako hatukushuka tukaenda zetu. Mzee alipita kwa wauza nafaka, duka kwa duka, akiuliza bei ya uwele. Hakuwa ananunua. Hakuwa anauza. Alitaka kujua tu, na kila alipotajiwa alishangaa upya na kubishana mpaka muuzaji akapunguza bei ya kitu ambacho hakuna aliyetaka kukinunua. Nikasimama pembeni nikiwa nimeshika bajaji isiondoke. Basi la saa mbili lilituacha. Tulipanda la saa nne, na mimi nikajiambia si kitu, mechi ni kesho, kama mwenyewe alivyosema.

Dodoma hadi Kondoa

Mzee Ndahani hapandi basi kama abiria, anapanda kama mwenyeji. Alisalimia siti zote mpaka ya nyuma. Tulipopita Chemba basi zima lilikuwa linajua anakwenda wapi.

"Nakwenda Arusha kumtoa binti yangu kwenye mchezo," alimweleza mama mmoja wa Kondoa, aliyekuwa akienda Babati, aliyekaa mbele yetu na ndoo ya asali mapajani.

"Mchezo gani huo, baba?"

"Wa kugombania yai."

"Yai la nini?"

"La ngozi."

Mama wa asali akanigeukia mimi, akaona nimevaa jezi. Ikabidi nieleze. Nikasema ni mpira kama mpira mwingine, una umbo la yai, wachezaji wanaubeba mikononi na kukimbia nao mpaka nyuma ya mstari wa wapinzani. Ukitaka kumpa mwenzako unamrushia aliye nyuma yako.

"Nyuma? Na huku mnakwenda mbele?"

"Ndiyo."

"Kwa nini msirushe mbele?"

"Ni kosa."

"Kosa kwa nini?"

Miaka kumi na moja nafundisha mchezo huu na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ndiyo sheria. Akamtazama Mzee kwa huruma, huruma ya kuona kwamba mtoto wake amelelewa na watu wasiojua wanachofanya.

Kondoa tulisimama kula. Nikaagiza wali na nyama kwa wawili. Mzee akausukuma wali pembeni kwa kidole, akala nyama, akaniambia wali ni chakula cha harusini na cha wagonjwa, na yeye haoi wala haumwi. Chake kilikuwa kwenye kifurushi: unga wa uwele na mlenda mkavu aliofungiwa na mkewe. Akataka mpishi amsongee. Mpishi akacheka, konda akapiga honi. Mzee akapanda na njaa, na njaa ya Mzee Ndahani ina maneno mengi.

Milima ya Kolo

Ukishapita Kolo barabara inaanza kupanda. Basi likapanda, likakohoa, likasimama. Konda akashuka, akaingia uvunguni, akatoka na mikono myeusi.

"Dakika kumi tu, waheshimiwa."

Tulikaa pale saa tatu na robo.

Na lile neno waheshimiwa ndilo lililotuponza. Alikuwepo bwana mmoja wa miwani, aliyesema anafanya kazi za ofisi bungeni, na watu wa namna hiyo huwezi kuwaweka kando ya barabara bila ajenda. Akapanda juu ya jiwe, akasema kwa kuwa muda tunao na kwa kuwa kuna jambo la mtoto wa Kitanzania limeletwa mbele yetu, basi tulijadili. Hoja: binti wa Mzee Ndahani arudi nyumbani au aendelee na mchezo. Nilidhani ni mzaha. Watu wakanyoosha mikono.

Kijana mmoja alisema mwanamke mwenye nguvu hivyo atampiga mumewe. Mzee mwingine alisema wanaume wengine wanahitaji. Mama wa asali alisema yeye hana neno na mifupa, kwani mfupa unaunga, lakini jino likitoka limetoka, na msichana asiye na meno ya mbele ni mzigo kwa mama yake. Hoja hiyo ikawaingia watu. Nikaona meli inazama, nikanyanyuka.

"Nani kati yenu amemwona huyo binti akicheza?"

"Mheshimiwa Mwalimu, kaa chini, hujapewa nafasi."

"Nikae wapi? Hapa ni barabarani."

"Taratibu, Mwalimu," akasema bwana wa miwani. "Wanaoafiki binti arudi nyumbani waseme ndiyo."

Sauti zao zilirudi kutoka upande wa pili wa bonde. Nilisema "siyo" peke yangu, kwa nguvu zote, na utingo aliyekuwa uvunguni akanisaidia, lakini nadhani alikuwa anajibu jambo lingine. Watu ambao hawajui raga ni nini wamemhukumu mtoto wangu wa kufundisha kwa muda wa kufunga nati mbili.

Mzee Ndahani hakusema ndiyo wala siyo. Alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, anachonga kijiti. Nikamuuliza mbona hakupiga kura.

"Hao hawamjui Nyemo," akasema, akaendelea na kijiti.

Babati

Tulifika Babati jioni, magari ya kuendelea yameshaisha. Tukapata vyumba, tukala perege wa ziwani, na nikamwambia Mzee kwa lugha nyepesi kabisa: basi la kesho ni saa mbili kamili, mechi saa nane, tukilikosa hilo tumekwisha. Akasema amesikia.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilimkuta jikoni kwa mama lishe. Si mezani, jikoni. Alikuwa amefungua kifurushi, anamwelekeza mwenye jiko namna ya kupika mlenda. Yule mama ni mtu wa huko Mbulu, hajaupika maishani mwake, na alikuwa na maswali. Magadi kiasi gani? Karanga zitwangwe au zisagwe? Mzee akamjibu yote kwa utulivu. Kisha ukaja ugali wa uwele, na huo Mzee hakumwachia mtu, akavua koti akausonga mwenyewe.

"Mzee, saa moja na nusu."

"Mtu hawezi kufika ugenini na njaa. Watasema nimetumwa kuomba."

Tulikuwa tunanawa mikono basi likipita mbele ya mgahawa. Niliona hata rangi ya shati la dereva.

"Lipo lingine," Mzee akasema.

Lilikuwepo, ndiyo, saa nne. Nikakaa nikala na mimi, maana nifanye nini. Mlenda ulikuwa mtamu kweli, na hilo lilizidi kuniudhi.

Babati hadi Arusha

Hapa sitasema mengi kwa sababu nikikumbuka nachemka. Dereva wa basi la saa nne alikuwa mtu mwadilifu asiyepita gari lolote. Tulifuata lori la matofali kuanzia karibu na Minjingu mpaka lilipoamua lenyewe kukata kona. Kabla ya Makuyuni tukasimama kupisha ng'ombe wa Wamasai. Abiria wote wakatazama saa zao, Mzee Ndahani akashuka. Kimasai hajui, na mchungaji Kiswahili alikuwa nacho kidogo, lakini walizunguka lile kundi lote wakioneshana migongo na kwato, wakitikisa vichwa pamoja. Honi ikapigwa mara nne. Alipopanda aliniambia dume jekundu lina kwato mbovu.

"Nimefurahi kujua," nikasema. Hakusikia kejeli, au alisikia akapuuza.

Saa nane kamili, filimbi ikipulizwa Arusha, mimi nilikuwa Kisongo nimeshika siti ya mbele kwa mikono miwili.

Uwanjani

Tuliingia wakati wa mapumziko. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ubao: sisi kumi na saba, wageni tatu. Nikapiga makofi kwa furaha. Kijana aliyekaa karibu akatuhadithia kwamba Nyemo, namba kumi na nne, ameshafunga trai mbili, maana yake mara mbili ameukimbiza mpira mpaka nyuma ya mstari wao akauweka chini. Moja kutoka nusu ya uwanja, peke yake, hakuguswa na mtu.

Hakuguswa na mtu. Ndicho nilichokuwa nimekiomba, na kilitokea, na Mzee hakukiona kwa sababu ya uwele, mlenda na kwato za dume jekundu. Nikamwambia, "Mzee, mwanao amefunga mara mbili." Akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwonesha. Akamtazama muda mrefu. "Amekonda," akasema.

Kipindi cha pili kikaanza, na hapa naomba mnisamehe lugha yangu. Wale wasichana walicheza kama watu walioambiwa mechi imekwisha. Unaongoza kwa pointi kumi na nne, una mpira mkononi, una winga mwenye kasi kuliko bodaboda, na unafanya nini? Unaupiga mpira kwa mguu, unawapa wapinzani. Wakaupokea, wakaturudishia usoni, trai, wakapiga kati ya nguzo, kumi na saba kwa kumi. Nikasema sawa, sasa wataamka. Wakaamka kweli, wakaanza kugombana na refa. Penalti, kumi na tatu. Wamesimama upande usio wao, kosa la mtoto wa kidato cha kwanza. Penalti nyingine, kumi na sita. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi nikipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na kila nilipogeuka namwona Mzee kakaa na fimbo yake kati ya magoti, kimya, macho kwa namba kumi na nne. Si kwa mpira, kwake.

Na mchezo nao ukawa mbaya. Damu midomoni, jezi zimechanika, wanne wamebebwa nje. Kila kitu nilichomwahidi Mzee hakitakuwepo kilikuwepo.

Dakika ya mwisho kabisa mpira ukamfikia Nyemo mbele ya nguzo zetu. Akakimbia hatua tano, wakamwangusha wawili, wakamlalia. Sheria ya kwanza ninayofundisha, kabla hata ya kumwonesha mtu mpira wenyewe, ni kwamba ukiangushwa unauachia. Hakuuachia. Aliukumbatia. Filimbi. Penalti kwa Burundi, katikati, mahali ambapo mke wangu angefunga akiwa amevaa kanga.

Nyemo alichelewa kunyanyuka. Mzee Ndahani akasimama, akapiga hatua moja kuelekea uwanjani, nikamshika koti. Dada wa huduma ya kwanza alikimbilia pale, wakasemezana kidogo, Nyemo akanyanyuka.

Mpigaji wao akaupanga mpira, akarudi nyuma, akaupiga. Ukagonga nguzo. Ukarudi uwanjani. Filimbi ya mwisho.

Uwanja ulipasuka. Watu wakarukaruka, kijana wa pembeni akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Mimi nilikuwa nimesimama nalia kwa hasira. Tumeshinda nini? Hatukushinda sisi, ameshindwa yule dada wa Burundi, kwa upana wa kiganja. Tulikuwa na mechi mfukoni tukaitoa, tukaiweka mezani, tukawaomba waichukue, na wao kwa ubinadamu wao wakaiacha. Ushindi wa namna hiyo unashangiliwaje? Nilitaka kumpiga mtu. Nilitaka kuanzia kwa kocha na kuendelea kwa mpangilio wa namba za jezi.

"Imekwisha?" Mzee akauliza.

"Imekwisha. Tumeshinda."

"Ahaa," akasema. "Twende nikamwone huyo anayekaa naye."

Bwenini

Timu ilikuwa imefikia kwenye bweni la shule moja nyuma ya uwanja. Kocha wao ni kijana mchangamfu aitwaye Dani. Alimpokea Mzee kwa mikono miwili, shikamoo nyingi, karibu sana mzee wetu, akataka kupiga naye picha. Mzee hakutaka picha. Alitaka kuona kitanda.

Akaoneshwa kitanda. Akalikandamiza godoro kwa fimbo. Akauliza dirisha linafungwa na nani. Akauliza binti anakula nini, na akikataa kula nani anajua. Akauliza akiumwa anasemaje. Kocha Dani akajibu huku anacheka, "Mzee wangu, namba kumi na nne ni mashine, haumwi huyo." Mimi nilikuwa nimeona aibu, nikimvuta Mzee kwa nyuma, nikidhani anamdhalilisha mwenye nyumba kwa makusudi.

"Mwaka jana aliumia wapi?" Mzee akauliza.

Kocha akafikiri. "Bega," akasema. "La kulia."

Nyemo, aliyekuwa ameegemea mlango na barafu mkononi, akainamisha macho. Mzee Ndahani akamgeukia.

"Nyemo, kafungashe," akasema.

"Baba, tumeshinda."

"Nimesikia. Kafungashe."

Nilichokuja kukielewa baadaye, na ningepaswa kukielewa palepale kwa miaka niliyoishi Ugogo, ni kwamba Mzee alikuwa hafanyi fujo. Huku mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake, wengine huwakabidhi kwa rafiki wa mbali. Rafiki anakamua maziwa, anachunga, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Siku ya kukabidhi, mwenyewe humweleza rafiki kasoro zote za mnyama, huyu anapiga teke, huyu mguu wake mbovu, na kisha hutokea siku yoyote bila taarifa, akauliza maswali. Mchungaji akijibu kwa rangi ya ng'ombe tu, ujue hamjui. Kocha Dani alijibu kwa namba ya jezi.

Lakini pale mimi sikujua hayo. Nilichokiona ni Nyemo kanigeukia na macho yaliyojaa machozi, ananitazama kama mtu wa kumwokoa, na hasira zote za tangu Ijumaa asubuhi zikanitoka kwa mara moja.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Ukiangushwa unafanya nini? Unaachia mpira. Dakika ya mwisho, mbele ya nguzo zako, unaukumbatia. Na najua kwa nini. Uliangukia bega la kushoto, mkono ukafa ganzi, ukaogopa wakiuona umelegea watakutoa. Halafu yule dada anakuuliza, unasema niko sawa, niko sawa. Nimekuona mdomo. Wewe ukisema mara moja ni kweli, ukisema mara mbili unadanganya, tangu kidato cha pili. Na leo hukula. Wamekupa chapati na mayai, na tumbo lako siku ya mechi halipokei kitu ila uji wa uwele usio na sukari, na huwezi kuuomba kwa sababu unaona haya mbele ya wasichana wa Dar. Ndiyo maana kipindi cha pili ulikuwa huna miguu. Ungesema, ungecheza, tungeshinda kwa pointi ishirini na baba yako asingeona upuuzi huu." Nikamgeukia kocha. "Na wewe. Ni la kushoto."

Nyemo alikuwa amefungua mdomo. Mimi nilikuwa nahema, goti linauma, najua nimeharibu kila kitu.

"Hayo yote unayajua?" Mzee Ndahani akauliza.

"Nayajua, mzee, na yananimaliza."

Akakaa kwenye kile kitanda, taratibu, fimbo kati ya magoti.

"Mama yake ananiuliza kila siku nani anamwangalia mtoto. Namwambia timu. Ananiambia timu ni nani?" Akamtazama kocha, si kwa ubaya. "Ng'ombe hakabidhiwi zizi, anakabidhiwa mtu. Mwalimu, kila anapocheza utakuwepo."

"Mzee, mimi nina vipindi."

"Utakuwepo."

Mimi, niliyeapa nikiwa Kisongo kwamba sitakanyaga tena barabara hiyo.

Akatoa simu yake ndogo, akambonyezesha Nyemo namba, akaiweka sauti ya juu kwa sababu haamini simu inayonong'ona. Mama Nyemo akapokea mlio wa kwanza.

"Unarudi naye?"

"Hapana. Nimemkabidhi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwalimu."

Nilisikia mbuzi wakilia kule nyumbani kwao.

"Mpe simu."

Nikaipokea nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo anaposema na mimi.

"Mwalimu," akasema. "Bega lake la kushoto kukiwa na baridi halinyanyuki. Akilalia upande huo ataamka limevimba na hatamwambia mtu. Akikasirika usimfuate, mwache aje mwenyewe. Na anaogopa radi, ingawa atakataa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Nikarudia yote, kuanzia bega, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho.